Chai Isiyonyweka

Mnyuzi, Korogwe
2 Desemba 2024

Shangazi Tatu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama: mimi napenda maji machafu.

Nimeliandika kabla ya shikamoo kwa sababu ningeanza na shikamoo ningeishia hapohapo, kama ninavyofanya kwenye simu. Sasa shikamoo. Sisi huku ni wazima. Baba amemaliza kutayarisha shamba, kila asubuhi anaitazama mbingu kama abiria aliyechelewewa na basi. Mama anauliza kama kifua chako kimepona. Babu Mhina anasema ule ugoro uliomletea umekwisha, na mama anasema usilete mwingine.

Siku ya arobaini ya bibi uliniambia, "Rukaya, kwenye simu unapumua tu. Niandikie, konda wa basi atakuwa posta yetu." Nimemaliza mitihani ya kidato cha nne, nina muda, kwa hiyo naandika.

Ilikuwa hivi. Tulipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wa kemia alileta chupa mbili, moja ya maji ya kisima na moja ya maji yaliyooshea vyombo. Akaziziba, akaziweka kabatini. Wenzangu walizisahau. Mimi nilikwenda kuzichungulia kila nilipopata nafasi. Ya kisima ilibaki ilivyo. Ya vyombo ikabadilika rangi, ikatoa mapovu, ikanuka. Mwalimu akasema humo ndani kuna vijidudu vinakula ule uchafu, na vinapokula vinamaliza hewa yote iliyo kwenye maji, hata samaki ukimtia humo atakufa kwa kukosa pumzi. Tangu siku hiyo siwezi kupita mtaro bila kuinama kuuangalia.

Mama anataka niwe muuguzi. Kila mgeni akija anaambiwa, "Huyu ndiye muuguzi wetu." Mimi nacheka kidogo na kwenda jikoni. Ninachotaka ni kupima maji machafu, na hata jina la kazi hiyo silijui.

Wako,
Rukaya Muhsin

*

Chanika, Handeni
19 Desemba 2024

Rukaya mwanangu,

Marahaba, ingawa imekuja kwa kuchelewa. Nilisoma ule mstari wa kwanza nikacheka mpaka Joyceline, mwenzangu wa kiwandani, akaja mbio na mikono yake imejaa chokaa, akidhani nimeumwa na nge. Sikumwambia kitu. Siri yako nimeikalia.

Kifua kimepona. Joto la Handeni unalijua. Maji ya bomba yanatoka yakijisikia. Mwambie baba yako kwamba dada yake bado anasubiri yale mahindi mabichi aliyoahidi tangu msimu uliopita. Na babu nitamletea ugoro, mama yako apende asipende.

Sasa nisikilize. Wewe unapenda maji machafu, mimi ninayo. Kiwanda chetu cha ngozi umekiona, ingawa ulikimbia harufu. Wafugaji wanatuletea ngozi, sisi kina mama tunaziloweka kwenye shimo la chokaa manyoya yatoke, kisha tunazihamishia kwenye shimo la magome ya miti yanayoshuka kutoka milimani, upande wa Kwashemshi. Maji yakichoka tunayafungulia mtaroni, nao mtaro unakwenda lamboni, wanakonywa ng'ombe. Hivyo ndivyo tulivyofanya tangu mwanzo na hakuna aliyetuuliza.

Mwezi huu tumeulizwa na watu wawili. Wa kwanza ni Castory, bwana mazingira, kijana mpole anayeomba radhi kabla ya kukukaripia. Amesema maji yetu yatapimwa, na yasipofikia kiwango mashimo yatafungwa. Wa pili ni Hashim, yule fundi wa makubadhi wa Mombasa anayenunua ngozi yetu. Wateja wake wa ng'ambo wanamuuliza maji ya ngozi yanamwagwa wapi. Bila karatasi ya vipimo, hachukui tena.

Jambo hili lazima liishe kabla ya Idd el Hajj. Unajua siku ile ngozi zinavyopatikana. Idd ikitukuta tumefungwa, ngozi zitaoza majalalani, kina mama watatawanyika kila mmoja na biashara yake ya maandazi, nami sitaweza kuwakusanya tena.

Nimesikia kila nchi ina kiwango chake. Basi nitafutie nchi yenye huruma.

Shangazi yako,
Tatu Mhina

*

Mnyuzi, Korogwe
11 Januari 2025

Shangazi Tatu, shikamoo.

Huku tunaendelea. Mvua imenyesha siku mbili ikaacha. Baba anasema mahindi yako yako njiani, ila hakusema njia ipi. Babu alianguka karibu na reli lakini hakuumia, anachokasirikia ni kwamba watu walimwona.

Nilikwenda Korogwe mjini, kwenye steshenari ya Loveness, tuliyesoma naye. Ana kompyuta na intaneti. Nilimnong'oneza ninachotafuta, yeye akakirudia kwa sauti kubwa hadi wateja wote wakageuka. "Wenzako wanatafuta wachumba, wewe unatafuta majitaka ya Wahindi!" Nilitamani kuingia chini ya meza. Lakini alinichapishia kurasa zote.

Shangazi, nchi ni nyingi na kila moja ina jedwali lake. Nimechagua mistari mitatu tu inayotuhusu. Wa kwanza ni ukali wa maji, yaani kama yameegemea kwenye asidi kama ndimu au kwenye magadi kama chokaa. Wa pili ni uchafu unaoonekana, chembe zinazoelea. Wa tatu ndio ninaoupenda: ni kiasi cha hewa ambacho vijidudu vinamaliza vinapokula uchafu, kama kwenye ile chupa ya mwalimu. Namba ikiwa kubwa, maji ni machafu.

Katika mstari huo wa hewa, Tanzania inasema isizidi miligramu thelathini kwa lita. Kenya nayo thelathini. Miji ya Ulaya ishirini na tano. Kwenye jedwali la India nimeona thelathini, na pembeni nimeona mia. Kwenye chembe, Tanzania inaruhusu mia, Kenya thelathini, Ulaya thelathini na tano.

Bado nasoma maandishi madogo yaliyo chini ya majedwali. Tafadhali usimwambie mtu namba hizi kabla sijamaliza.

Wako,
Rukaya

*

Chanika, Handeni
26 Januari 2025

Rukaya wangu,

Matokeo yametoka! Mama yako amenipigia akipiga kelele, nimesikia tu "kemia" na vigelegele. Hongera sana. Wewe ulikuwa pembeni ya simu, nilikusikia ukipumua.

Nami nina la kusherehekea. India! Mia! Nimewaambia kina mama wote. Joyceline anasema tangu utotoni alikuwa anaipenda India kwa sababu ya filamu zao, sasa ameipenda kwa sababu ya maji. Tumekubaliana kwamba kuanzia leo mashimo yetu yanafuata India. Hashim nimeshampelekea ujumbe.

Castory anakuja Alhamisi kuchukua maji ya kupima. Usiwe na wasiwasi, tutampokea kama mgeni anavyopokelewa.

Shangazi yako,
Tatu

*

Mnyuzi, Korogwe
3 Februari 2025

Shangazi, shikamoo.

Ahsante kwa pongezi. Mama ameshona sare nyeupe ya uuguzi kabla hata sijaomba chuo. Imening'inia ukutani. Nikiingia chumbani usiku inanitisha.

Nimemaliza maandishi madogo na lazima nikuudhi. Ile mia ya India si ya maji yanayokwenda mtoni wala bwawani. Ni ya maji yanayomwagwa shambani, ardhi iyachuje. Mtaro wenu unakwenda lamboni. India nayo, kwa maji kama yenu, inasema thelathini.

Tena hata thelathini yao si sawa kabisa na yetu. Sisi tunaiweka chupa gizani siku tano kwenye joto la ishirini. Wao siku tatu kwenye joto la ishirini na saba. Ni kama watu wawili wanaoulizana nani anakula sana, mmoja amehesabu chakula cha mchana peke yake na mwingine cha kutwa nzima. Huwezi kuchukua namba ya mmoja ukaiweka kwa mwingine.

Na kuna jambo jingine, naomba usikasirike. Mashimo yako Handeni. Hata tukipata nchi inayoruhusu mia mbili, lambo halitahama kwenda huko. Ng'ombe wa hapo watakunywa hapohapo. Unajua maji yenu ya bomba yanasukumwa kutoka mtoni, huku kwetu Korogwe. Kila unapofungua bomba unatutegemea sisi tusimwage ovyo. Hebu fikiria tungekaa huku tukitafuta nchi yenye huruma.

Nimeandika maneno makali. Kwenye simu nisingeweza.

Castory alisemaje Alhamisi? Na tafadhali nitumie chupa mbili, moja ya maji ya chokaa na moja ya maji ya magome. Mwalimu wa kemia amenipa karatasi za kupimia ukali.

Wako,
Rukaya

*

Chanika, Handeni
5 Machi 2025

Rukaya,

Marahaba. Ramadhani imeanza vizuri, tunamshukuru Mungu. Umechelewa kupata barua yangu kwa sababu ya shughuli. Binti wa jirani ameolewa Magoma, ilikuwa harusi kubwa, wali ulikuwa mkavu. Paka amezaa. Mvua haijaja.

Nimekutumia chupa mbili kama ulivyotaka. Konda amelalamika harufu, nimemwambia ni dawa.

Joyceline anakuuliza, yeye siyo mimi: sabuni ya unga ina shida gani ikiingia kwenye maji?

Shangazi yako

*

Mnyuzi, Korogwe
12 Machi 2025

Shangazi, shikamoo. Ramadhani karim.

Sisi wazima. Babu anafunga na anataka kila mtu ajue. Mahindi yako ameyala nguruwe pori, baba ameniagiza nikueleze kwa upole.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Ina harusi, wali na paka. Castory hayumo. Kwa hiyo nauliza wazi, na wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza kwa barua: je, mlisafisha mashimo kabla hajafika?

Sabuni ina shida. Ina mstari wake kwenye jedwali, tena vijidudu vinaila nayo, hewa inazidi kwisha.

Sasa nikusimulie kuhusu chupa. Zilifika jioni mama akipika futari. Ya chokaa ilikuwa nyeupe kama maziwa, ya magome ilikuwa nyekundu nzito. Nikaziweka mezani, nikaenda kutafuta zile karatasi. Adhana ikalia. Babu akafungua kwa tende, akanyoosha mkono akamimina ile nyekundu kwenye kikombe, akasema, "Leo chai imekolea." Mama akamwambia, "Na maziwa yapo baba," akamuongezea ile nyeupe!

Nilipiga kelele. Mimi, Shangazi. Sijawahi kupiga kelele ndani ya nyumba hii. Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni. Babu akakiweka chini, akaniangalia akasema, "Kumbe ana sauti."

Nilichukua kikombe nikamwage, nikaona kitu. Ile chai ya maziwa ilikuwa imeganda. Vinyuzi vya kahawia vilikuwa vinazama chini polepole, na juu maji yalikuwa yanaanza kuonekana. Nikakiacha dirishani. Baada ya tarawehe nikarudi. Chini kulikuwa na tope, juu maji ya rangi ya chai hafifu sana, unaona mpaka kitako cha kikombe. Nikachovya karatasi. Ile ya chokaa peke yake ilikuwa kali mno upande wa magadi. Ile ya magome ilikuwa upande wa ndimu. Zilipokutana zilipatana.

Shangazi, ninyi mnamwaga shimo moja leo na jingine wiki ijayo. Hamjawahi kuyakutanisha. Maji yenu mawili yanaweza kusafishana yenyewe.

Wako,
Rukaya

*

Chanika, Handeni
4 Aprili 2025

Rukaya mwanangu,

Idd imekwisha, naweza kusema ukweli tumbo likiwa limejaa.

Ndiyo, tulisafisha. Ungetaka tufanyeje? Mtu wa serikali anakuja kwako, utamwonyesha uchafu? Tulimwaga kila kitu usiku wa kuamkia Alhamisi. Tukasugua mashimo kwa sabuni ya unga na fagio za chelewa, tukayajaza maji ya bomba ya kununua, tukatandika mkeka, tukapika pilau. Castory akafika na chupa zake. Akachungulia shimo, likamwonyesha uso wake. Akasema, "Samahani mama, majitaka yako wapi?" Joyceline akajibu kwa fahari, "Hatuna!"

Kijana hakula pilau. Alidhani tunamficha. Alichukua maji hayohayo, majibu yakaja yana povu kuliko dobi. Akafunga mashimo kwa mnyororo, chupa zako nikiwa nimeshazichota kwenye ngozi tulizoanza kuloweka upya. Ndiyo maana nilikuandikia habari za paka.

Nilimpelekea barua yako ya kikombe. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, akauliza, "Huyu mtaalamu wenu anafanya kazi wapi?" Nikamwambia Korogwe. Sikusema uongo, asubuhi unafagia uwanja, hiyo si kazi? Ametufungulia tufanye ngozi chache za majaribio. Tumejenga shimo la kukutanishia. Joyceline, ambaye babu yake alichimba mifereji ya mashamba ya katani, amechimba dimbwi la pili na kulipanda matete yayachuje maji. Bibi yule haogopi jembe.

Kuhusu yale maneno makali: siku ile nilikunja barua nikaitupa nyuma ya kabati. Baadaye nilifungua bomba ninawe nitawadhe, nikasimama pale mpaka ndoo ikafurika. Nikakutoa nyuma ya kabati.

Sasa sema wewe. Tufuate nchi ipi?

Shangazi yako,
Tatu

*

Mnyuzi, Korogwe
14 Aprili 2025

Shangazi, shikamoo.

Nimecheka mpaka mama akaja kuniangalia. "Hatuna!" Mwambie Joyceline nampenda.

Jibu langu ni hili: tusifuate nchi, tufuate mstari. Kwenye kila mstari tuchukue nchi iliyo kali kuliko zote nilizosoma. Hewa, ishirini na tano ya Ulaya. Chembe, thelathini ya Kenya. Ukali, ule wa kwetu Tanzania, usishuke sita na nusu wala kupita nane na nusu. Tukifika hapo, Castory ataridhika, Hashim ataridhika, na mteja wake wa ng'ambo naye hatakuwa na la kuuliza.

Najua ni vigumu. Usikubali mtu yeyote aongeze maji ya bomba ili namba ishuke. Uchafu unabaki uleule, umetandazwa tu. Na mkutanishe kidogokidogo mkichovya karatasi, maana chokaa ikizidi inaharibu. Yakitua, ya juu myapeleke kwenye matete, myaache mpaka yatulie. Tope likaushwe kando, lisirudi majini. Kila nikiyawaza sipati usingizi, kwa hiyo nimeandika haya yote kwenye karatasi ya pili kwa herufi kubwa.

Mama ameniuliza kwa nini barua zako zinanuka. Nimechukua ndoo nikaenda kuchota maji.

Wako,
Rukaya

*

Chanika, Handeni
10 Juni 2025

Rukaya, mtaalamu wetu wa Korogwe,

Idd el Hajj imepita na nyumba yangu haina pa kukanyaga. Ngozi ziko uani, ziko kibarazani, moja iko juu ya kitanda cha wageni. Ndiyo maana barua imechelewa. Ila naandika kwa sababu ile Jumamosi ya mkutano wa majibu ya maji, kabla ya Idd, ulikuwa umefumba macho tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha ukakimbilia basi bila hata kunawa mikono ule. Hukuona kitu. Acha nikusimulie ulichofanya.

Nilipokuita uje, nilikuambia utakaa nyuma. Ukakaa nyuma, umejifunika mtandio mpaka puani. Castory akasimama na majibu ya maabara. Akaomba radhi kwanza, kama kawaida yake. Akasema ukali, saba na nusu. Chembe, ishirini na nane. Kisha akageuza karatasi. Akasema hewa, ishirini na mbili.

Vigelegele ulivisikia, usiniambie hukuvisikia. Joyceline alivua khanga akaizungusha hewani. Hashim, aliyesafiri kutoka Mombasa usiku kucha, akaipokea karatasi akaisoma kama anayesoma jina la mwanawe kwenye matokeo. Akasema, "Hii naipeleka popote. Sasa yuko wapi huyo mtaalamu? Nimpe mkono mzee huyo."

Kina mama wote wakageuka kukuangalia. Hashim akatazama nyuma yako, akatafuta mzee, hakumwona. Wewe ulikuwa umeshafumba macho.

Hapo ndipo Mzee Elisha, yule mfugaji mwenye ng'ombe wengi kuliko maneno, akanyanyua fimbo yake. Akasema, "Mimi namba sijui. Niambieni jambo moja. Ng'ombe wangu anywe, au asinywe?"

Castory akakohoa. Hashim akatazama karatasi. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilikuwa nimefungua mdomo niseme, "Anywe tu mzee, umesikia ni safi kuliko Ulaya!" Mteja yuko mbele yangu, karatasi iko mkononi mwake, nani angetaka kuharibu?

Sauti ikatoka nyuma. "Asinywe, mzee."

Viti vyote vikageuka. Ukaendelea, macho yamefumbwa, mikono imeshika kiti: "Haya ni maji yanayoruhusiwa kumwagwa. Kiwango cha kumwaga na kiwango cha kunywa ni viwili, katika kila nchi niliyosoma. Hatujapima chumvi inayopakwa ngozi zisioze wala mengine. Hakuna anayeweza kukuambia ng'ombe wako anywe. Anayekuambia hivyo leo anakisia." Ukaongeza, "Ila shangazi anaweza kuuziba mtaro. Maji haya yanafaa kuloweka ngozi nyingine. Yasiende lamboni kabisa."

Nilikuwa sijawahi kufikiria hilo! Tunanunua maji kwa ndoo, halafu tunayafukuza! Joyceline hakusubiri kikao kiishe. Alikwenda na jembe lake akaanza kuziba mtaro mbele ya watu, na wengine wakamfuata, hata Castory, viatu vyake vyeusi vikawa vyeupe kwa chokaa.

Mzee Elisha alikuwa bado amesimama. Akasema, "Tangu mashimo haya yachimbwe nimeuliza swali hili. Wote walinizungusha. Huyu mtoto amenijibu." Akageukia vijana wake akasema kwa Kimaasai jambo fupi. Siku ya Idd nilielewa alisema nini. Ngozi zote za boma lake, na za ndugu zake wote, zimekuja kwangu. Ile iliyo juu ya kitanda cha wageni ni yake.

Hashim amechukua mzigo wa kwanza na ameagiza mwingine. Alisema hajasikia mtaalamu anayesema "hatujapima" mbele ya mnunuzi, na kwamba kwa neno hilo ameiamini karatasi yote. Mnyororo wa Castory tumeuomba. Sasa tunaning'inizia ngozi.

Castory ameniambia kuna chuo cha maji, wanafundisha kazi hii hasa ya kupima, na kidato cha nne mwenye kemia nzuri anapokelewa. Nimekuwekea anwani ndani ya bahasha. Jina la kazi ni fundi sanifu wa maabara ya maji. Uliniambia hulijui.

Shangazi yako anayejivuna,
Tatu

*

Mnyuzi, Korogwe
16 Juni 2025

Shangazi Tatu, shikamoo.

Mvua imenyesha vizuri na mara hii baba amevuna kabla ya nguruwe. Gunia lako amelipakia konda mwenyewe. Anasema afadhali linuke mahindi. Babu hajambo. Akipewa chai anauliza kwanza imetoka wapi.

Nimesoma barua yako nimekaa chini ya ile sare nyeupe. Kisha nikaikunja nikaenda jikoni. Mama alikuwa anachambua mchele. Nikasema, "Mama, sitaki uuguzi. Nataka kupima maji machafu." Nilisema kwa sauti ya kawaida, macho wazi. Mama akaendelea kuchambua. Akasema, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu kidato cha tatu. Akachambua tena, akatoa jiwe, akalitupa. Akasema, "Mwanangu, barua zinazonuka zimekuja miezi sita. Ulidhani nafikiri ni manukato?" Halafu akauliza kama huko chuoni kwenye maabara wanavaa koti jeupe. Nikasema wanavaa. Basi akaishusha ile sare ukutani, anaifungua mbele iwe koti.

Fomu nimeshapeleka. Loveness alinichapishia, akatangaza kwa wateja wote, "Huyu hapa ndiye wa majitaka!" Mzee mmoja akaniuliza kuhusu kisima chake. Nilimjibu, Shangazi. Tukazungumza mpaka Loveness akafunga duka.

Kwa hiyo siri ya barua ya kwanza imekwisha, unaweza kuiachia. Lakini nina nyingine, na hii hata mama hajui.

Siku ile ya mkutano unadhani nilifumba macho kwa hofu. Mwanzo ilikuwa hofu. Lakini niliposema "asinywe" na uwanja wote ukanyamaza kunisikiliza, hofu iliondoka. Niliendelea kuyafumba kwa sababu nilikuwa nafurahi, na niliogopa nikiyafumbua mtaona ninavyofurahi. Kwenye basi nilirudia maneno yale yote kwa sauti ya chini mpaka nikashuka.

Huku nyumbani bado mimi ni Rukaya mnyamavu. Kwenye harusi hawanipi kipaza sauti, wageni hawanisumbui, na babu ananisimulia mambo asiyomsimulia mtu mwingine kwa kudhani sitayarudia. Nataka kubaki hivyo kidogo tu, mpaka chuo kifunguliwe.

Basi kwamba nilipenda kusikilizwa, Shangazi, ikalie hiyo nayo. Usimwambie mtu. Hata Joyceline.

Wako,
Rukaya